Indra na Virochana: nani alikuwa tayari kwa mwalimu?

Sura ya nane, ambayo ndiyo ya mwisho, ya Chandogya Upanishad, mojawapo ya maandiko ya kale ya Kihindu yaitwayo Upanishad, ina kisa cha wanafunzi wawili waliokwenda kwa mwalimu mmoja, wakakaa kwake muda ule ule, wakapewa jibu lile lile, wakaondoka siku moja wote wameridhika. Mmoja alirudi. Mwingine hakurudi tena. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu watu wanaoanza kuvutwa na Advaita, yaani lile fundisho la Vedanta, falsafa inayotegemea Upanishad, kwamba Nafsi ya mtu na Brahman, uhalisi wa vyote, si vitu viwili, huuliza sana: je, mimi niko tayari kupata guru, yaani mwalimu wa kiroho? Na jibu wanalopewa mara nyingi ni orodha ya sifa. Orodha hiyo ni nzuri na nitaifikia, ila ina udhaifu mmoja: mtu akijipima nayo mwenyewe hujipa alama anazozitaka. Kisa cha Indra na Virochana hakiulizi mtu anajionaje. Kinaonyesha alifanya nini alipodhani tayari amekwisha kupata.

Chandogya ni miongoni mwa Upanishad za kale kabisa, ni mali ya mapokeo ya Sama Veda, moja ya zile Veda nne, maandiko matakatifu ya Kihindu, na wataalamu wengi huiweka karibu na karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo. Shankara, mwalimu mkubwa wa Advaita wa karne ya 8, aliiandikia ufafanuzi mrefu. Mahali pengi nitamfuata yeye.

Kisa chenyewe

Prajapati, baba wa viumbe, alitangaza kwamba ipo Nafsi isiyo na doa, isiyozeeka, isiyokufa, isiyo na huzuni, njaa wala kiu, ambayo matakwa yake ni kweli na makusudi yake ni kweli. Hiyo ndiyo ya kutafutwa. Anayeipata na kuielewa hupata malimwengu yote na matakwa yote.

Tangazo liliwafikia miungu, likawafikia na asura, mahasimu wao wa jadi. Miungu wakamtoa Indra, mfalme wao. Asura wakamtoa Virochana. Hao wawili hawakupatana safari wala hawakuambiana, lakini walitokea mbele ya Prajapati pamoja, kila mmoja na kuni mkononi. Ndivyo mwanafunzi wa enzi zile alivyomwendea mwalimu: alibeba kuni za moto wa ibada wa nyumba ile, kuonyesha kwamba amekuja kutumika.

Wakakaa miaka 32 katika useja wa uanafunzi. Ndipo Prajapati alipowauliza: "Mmekaa hapa mkitaka nini?" Wakalirudia tangazo lake kama lilivyokuwa, wakasema ndicho walichokitaka.

Akawaambia: "Yule anayeonekana ndani ya jicho, huyo ndiye Nafsi. Hafi, hana hofu. Huyo ni Brahman." Wakamuuliza, na huyu anayeonekana majini, na yule wa kwenye kioo, ni yupi kati yao? Akajibu kwamba ni huyo huyo aonekanaye katika vyote. Kisha akawaambia wajitazame katika chombo cha maji, akaongeza: "Na lolote msilolielewa kuhusu Nafsi, niambieni." Wakainama wakatazama. "Mnaona nini?" "Tunajiona kamili, mwalimu mtukufu, mfano wetu mpaka nywele na kucha." Akawaagiza wajipambe, wavae nguo nzuri, wajisafishe, watazame tena. Wakafanya hivyo. "Mnaona nini?" "Kama sisi tulivyojipamba, tukavaa vizuri na kuwa safi, ndivyo na hawa walivyo majini." Akasema: "Hiyo ndiyo Nafsi, isiyokufa, isiyo na hofu. Hiyo ni Brahman." Wakaenda zao, mioyo imetulia.

Prajapati aliwatazama wakienda, akasema: wanaondoka hawajaipata Nafsi, na yeyote atakayeshika fundisho hilo, awe mungu awe asura, ataangamia.

Virochana alifika kwa watu wake moyo ungali umetulia, akaanza kufundisha: mwili ndio Nafsi, mwili ndio wa kutukuzwa na kutumikiwa, na anayeutukuza hupata dunia hii na ijayo. Indra hakufika. Akiwa bado njiani, kabla hajawaona miungu wenzake, alianza kujiuliza. Ikiwa Nafsi hupambwa mwili ukipambwa, na huvaa vizuri mwili ukivaa vizuri, basi mwili ukipofuka nayo itakuwa kipofu. Ukilemaa, nayo italemaa. Ukifa, nayo itakufa. "Sioni heri katika hili." Akaokota kuni, akageuza njia.

Prajapati alimuuliza, akimwita kwa jina lake jingine: "Maghavan, uliondoka na Virochana moyo umetulia. Umerudi ukitaka nini?" Indra akaeleza. Mwalimu akajibu: "Ndivyo hasa ilivyo, Maghavan. Nitakueleza zaidi. Kaa miaka mingine 32."

Baada ya miaka hiyo aliambiwa kwamba yule anayetembea katika ndoto akifurahi, huyo ndiye Nafsi. Akaondoka ametulia, na njiani tena akaona hatari: kweli huyu wa ndotoni hapofuki mwili ukipofuka, lakini ni kana kwamba anauawa, kana kwamba anafukuzwa, hukutwa na machungu, hulia. Akarudi na kuni. Miaka 32 tena. Akaambiwa kwamba aliyelala fofofo, ametulia tuli, asiyeota ndoto yoyote, huyo ndiye. Akaondoka ametulia, na njiani kwa mara ya tatu akashtuka: aliyelala hivyo hajijui kwamba "huyu ni mimi", wala havijui viumbe vingine, ni kama aliyetoweka kabisa. Akarudi na kuni. Safari hii aliambiwa akae miaka 5 tu, ikatimia 101, na ndipo akafundishwa lile ambalo hakulirudia kwa swali.

Vipimo ambavyo havikuwatenganisha

Jambo la kwanza linalonigusa ni wingi wa dalili nzuri walizokuwa nazo wote wawili. Tukichukua yale ambayo leo watu huyataja wakisema fulani yuko tayari kwa guru, karibu yote Virochana alikuwa nayo. Kiu? Aliacha enzi. Unyenyekevu? Alibeba kuni, yeye aliyezoea kubebewa. Uvumilivu? Miaka 32 bila kufundishwa neno lolote ambalo Upanishad imelirekodi. Utii? Alipoambiwa atazame, alitazama. Alipoambiwa ajipambe, alijipamba. Kumbukumbu ya mafundisho? Alilisema tangazo bila kukosea. Mtu wa namna hii akitokea leo kwenye ashram yoyote ya India, yaani makao ya guru na wanafunzi wake, atasifiwa na wenzake kwamba ndiye mwanafunzi.

Na kasoro zao nazo zilifanana. Shankara anaona wivu katika ile safari yao ya kutoambiana: kila mmoja hakutaka mwenzake awahi matunda ya elimu. Nia yao pia haikuwa safi. Kilichowavuta ni ahadi ya malimwengu yote na matakwa yote, na ukiwapa wafalme wawili ahadi kama hiyo unajua wameisikia vipi. Hamu ya ukombozi, ambayo mapokeo huihesabu kuwa sharti, haikuwa bado imeiva kwa yeyote kati yao. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wengi wazuri wakijizuia: wanasema nikishasafisha nia yangu ndipo nitamtafuta mwalimu. Indra alianza na nia ya mfalme anayetaka kuongeza milki, na bado mlango ulifunguliwa. Nia ilisafika akiwa ndani.

Dalili ya tatu wanayofanana ndiyo inayodanganya zaidi: moyo uliotulia. Upanishad inatumia maneno yale yale kwa wote wawili walipoondoka. Na Indra hakutulia mara moja tu. Alitulia mara tatu kwa majibu ambayo hayakuwa ya mwisho. Kwa hiyo mtu anaposema "nilipokaa mbele ya mwalimu huyu nilipata amani, basi najua ni wangu na niko tayari", amesema jambo la kweli kuhusu jioni ile. Kuhusu utayari wake hajasema kitu.

Njiani

Tofauti ilionekana mahali ambapo mwalimu hakuwepo. Hakuna aliyemwamuru Indra afikiri upya. Hakupata ndoto, hakutokewa na mtu, hakukuta kitabu. Alilichukua jibu alilopewa akalijaribu: je, likikutana na upofu? Likikutana na kilema? Likikutana na kifo? Jibu likavunjika kwenye mtihani wa kwanza.

Hapa ndipo ile orodha ninayoizungumzia inapoanza kuwa na maana. Katika ufafanuzi wake wa sentensi ya kwanza kabisa ya Brahma Sutra, kitabu cha sentensi fupi kinachoyapanga mafundisho ya Upanishad, Shankara anataja mambo manne yanayopaswa kutangulia utafutaji wa Brahman. La kwanza ni kupambanua cha milele na kisicho cha milele. La pili ni kutovutwa na starehe za hapa wala za huko mbele. La tatu ni mkusanyiko wa tabia za ndani, kuanzia utulivu wa akili na kuzitawala hisi. La nne ni hamu ya kukombolewa. Wengi huisoma ile ya kwanza kama imani: naamini kwamba dunia inapita na Brahman habadiliki. Lakini imani hiyo ni rahisi kuwa nayo. Kwa Indra kupambanua kulikuwa kazi: kukikamata kile alichopewa kama cha milele na kukipekua mpaka aone kama kinakufa. Na alikipekua kitu kilichotoka kinywani mwa Prajapati mwenyewe, kilichompa amani.

Pingamizi zake tatu hazilingani uzito. Ya kwanza, kwamba mwili utapofuka na utakufa, mtu yeyote anayezika ndugu zake angeweza kuifikia. Ya pili inahitaji umakini, maana ndoto inaonekana kuwa na uhuru; mgonjwa huota anakimbia. Indra aliona kwamba uhuru huo bado una machozi ndani yake. Ya tatu ndiyo inayonifanya nimheshimu sana. Usingizi mzito hauna maumivu, hauna adui, hauna hofu. Kama alichokuwa akikitafuta ni kupumzika, hapo alikuwa amefika. Na alikuwa na miaka 96 ya utumishi nyuma yake. Nani angemlaumu kama angesema inatosha? Alikataa kwa sababu pale ndani hakukuwa na mtu anayejua. Utulivu usiojijua aliuona kuwa ni kutoweka.

Watu wengi wanaofanya tafakuri husimama hasa hapo. Wanafika kwenye ukimya, mawazo yanakatika, na kwa kuwa hakuna kinachouma wanadhani ndiyo Nafsi. Mandukya Upanishad, ambayo ni fupi sana, ina aya 12 tu, inazipanga hali hizo hizo: kuwa macho, kuota, kulala fofofo, na kile cha nne ambacho si hali miongoni mwa hali. Ukiisoma kando ya kisa cha Indra unaona kwamba mpangilio ule ulipata uhai kwanza kama malalamiko ya mwanafunzi mmoja aliyerudi mara tatu.

Je, mwalimu aliwadanganya?

Swali hili lazima liulizwe, maana kisa kinaonekana kumtia Prajapati hatiani. Aliwaambia taswira ya majini ni Nafsi, kisha akawaacha waende akijua wamekosea.

Shankara anamtetea, na utetezi wake una mambo mawili ninayoyakubali. Kwanza, zoezi la maji lilikuwa na funzo ndani yake. Anavyolieleza, kujipamba na kujisafisha kulihusu pia kukata nywele na kucha. Wakitazama tena wangeona kwamba taswira imebadilika pamoja na mwili, na kwamba nywele na kucha walizozihesabu mwanzo kuwa sehemu ya Nafsi kamili sasa hazipo. Basi na mwili wenyewe ni hivyo hivyo: unakuja na kuondoka. Na jibu la kwanza kabisa, yule wa ndani ya jicho, lilimlenga yule anayeona. Wao wakamshika anayeonekana.

Pili, Shankara anasema Prajapati hakuwaambia waziwazi "ninyi wajinga, mmeelewa vibaya" kwa sababu walikuwa wakijihesabu kuwa wenye elimu; wangevunjika moyo na hamu ya kuuliza ingekufa. Hapo mtu anaweza kupinga, na mimi huwa natamani angewaita tu. Lakini nikiisoma upya sehemu ile naona kitu ambacho hakitegemei utetezi wa yeyote. Kabla hawajainama juu ya maji, Prajapati aliwaambia: lolote msilolielewa, niambieni. Mlango wa swali ulikuwa wazi, na mwalimu ndiye aliyeufungua. Wote wawili wakatoa ripoti ya walichokiona. Hakuna aliyeuliza. Wahenga wetu walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na siku ile, baada ya miaka 32, hakuna aliyekuwa na swali.

Kwa hiyo siku ile hata Indra hakuwa tayari, na kwa hili natofautiana na wanaokisoma kisa hiki kana kwamba mmoja alizaliwa mwanafunzi na mwingine alizaliwa asura. Walipoinama juu ya chombo cha maji walikuwa sawa. Indra akawa tayari kwa mwalimu barabarani, akiwa ameshaagana naye.

Kuni mara ya pili

Kupata wasiwasi ni nusu tu ya jambo. Wapo wanaopata wasiwasi kama wa Indra na wakafanya nao mambo mengine: wakamsema mwalimu kwamba ni tapeli, au wakahamia kwa mwalimu wa pili na wa tatu, au wakakaa na shaka yao kimya miaka mingi huku wakiendelea kuimba na wenzao. Indra aliurudisha wasiwasi kwa yule yule aliyempa jibu, akausema mbele yake, na alikuwa na kuni mkononi.

Zile kuni za mara ya pili zina uzito kuliko za kwanza. Mara ya kwanza alikuja kama mgeni aliyesikia sifa. Mara ya pili ni mfalme wa miungu anayekubali kuanza tena mwanzo, baada ya kuonekana na kila mtu kwamba amehitimu. Fikiria aibu yake. Miungu walikuwa wakimngoja na habari. Mwenzake ameshafika kwao na anashangiliwa.

Miongoni mwa zile tabia za ndani ambazo Shankara anazikusanya katika sharti la tatu, mapokeo huitaja shraddha, ambayo hufasiriwa kuwa imani kwa mwalimu na maandiko. Nikimtazama Indra naona sura yake kamili. Hakuliamini jibu, alimwamini mwalimu kiasi cha kumpelekea shaka. Virochana ndiye aliyeliamini jibu, na hakumhitaji tena aliyelitoa. Mgonjwa anayerudi kwa daktari kusema homa haijashuka ndiye aliyeitegemea tiba kweli, kuliko yule aliyemeza kidonge cha kwanza akaanza kuwagawia majirani.

Na hilo la kugawa lisipite haraka. Virochana aligeuka mwalimu siku aliyofika nyumbani. Sioni dalili ya mapema iliyo wazi zaidi ya hiyo kwamba mtu hakuwa tayari: hamu ya kuwafundisha wengine inatangulia swali la pili. Siku hizi fundisho la "wewe tayari ni Brahman, hakuna cha kufanya" linapatikana kwenye simu kwa saa moja ya video, na wapo wanaolipokea usiku na kulifundisha asubuhi. Sentensi yenyewe si ya uongo; iko ndani ya Upanishad. Lakini Indra naye aliambiwa sentensi ya kweli, "hiyo ni Brahman", mara tatu, na kila mara akiitafsiri kwa kiwango alichofikia ikawa ya uongo mikononi mwake.

Kujipima na kumpima

Katika sura ya kwanza ya Upadesha Sahasri, kitabu ambacho wataalamu wanakubaliana kwamba ni cha Shankara mwenyewe, mwalimu anaambiwa afanye nini anapoona dalili kwamba mwanafunzi hajaelewa. Atafute kinachomzuia, na Shankara anavitaja vizuizi: matendo maovu, uzembe, kutokuwa na msingi imara wa kupambanua cha milele na kisicho cha milele, kujali watu watasema nini, kiburi cha ukoo. Naipenda orodha hii kuliko ile ya sifa nne kwa kazi ya kujipima, kwa sababu inagusa vitu ambavyo mtu anaweza kuvikamata mchana kweupe. Ukijiuliza kama una hamu ya ukombozi utajibu ndiyo. Ukijiuliza ni mara ngapi wiki hii umenyamaza swali kwa kuogopa wenzako kwenye satsang, yaani mkutano wa mafundisho ya kiroho, watakuonaje, utapata jibu la kweli.

Ni haki kusema pia kwamba kitabu hicho hicho kinamtaka mwalimu apime jati, yaani tabaka la kuzaliwa, na ukoo wa mwanafunzi kabla ya kumpokea, na mlango huo uliwafungia watu wengi kwa karne nyingi. Mimi siukubali. Chandogya yenyewe, katika sura ya nne, ina kijana Satyakama aliyeulizwa ukoo wake akajibu kwamba mama yake, Jabala, alimwambia hajui baba yake ni nani, kwa kuwa alimzaa enzi alipokuwa akizunguka huku na huku akitumika. Mwalimu wake, Haridrumata Gautama, alimpokea kwa sababu hakuukwepa ukweli. Kisha akampa ng'ombe 400 dhaifu akawachunge, na kijana akasema hatarudi mpaka wafike 1,000.

Miaka 32 isimtishe mtu. Katika Prashna Upanishad watu sita walimwendea Pippalada na kuni mikononi, akawaambia wakae mwaka mmoja zaidi kwa kujinyima, useja na imani, kisha waulize wanachotaka, "na tukijua, tutawaambieni yote." Muda hutofautiana kwa sababu unafuata kinachohitaji kuisha ndani ya mtu. Mtu anayefanya kazi na kulea watoto hawezi kwenda kukaa msituni, na hahitaji. Anachoweza kufanya ni kuchukua fundisho moja alilolipokea na kulitia katika siku yake mbaya kabisa, siku ya msiba au ya kufukuzwa kazi, aone limesimama au limevunjika; na likivunjika, aandike limevunjikia wapi. Akiwa na hilo mkononi ana kitu cha kumpelekea mwalimu. Bila hilo, hata akikutana na mwalimu mkubwa kiasi gani atapewa utulivu wa jioni moja.

Kipimo kinakwenda upande wa pili pia. Mundaka Upanishad inasema aliyekwisha kuyachunguza malimwengu yanayopatikana kwa matendo amwendee mwalimu mwenye elimu ya maandiko na aliyethibiti katika Brahman. Kuthibiti huko hakuonekani kwa macho, lakini Prajapati anaonyesha mambo yanayoonekana. Hakumzuia Indra kuondoka hata mara moja. Alipoletewa pingamizi hakukasirika, wala hakumwambia ni ubinafsi wako unaosema. Alisema: ndivyo hasa ilivyo. Alikubali kwamba jibu lake la awali halikutosha, kisha akaeleza zaidi. Mwalimu ambaye shaka ya mwanafunzi humgeuza mkali, au anayetumia neno "hujawa tayari" kumnyamazisha anayeuliza kuhusu fedha au kuguswa mwili, hana haki ya kujifananisha na kisa hiki. Mwanafunzi wa mwalimu wa namna hiyo aondoke, tena asirudi, na kuondoka kwake kusihesabiwe kuwa kukosa shraddha.

Inabaki ile miaka mitano. Shankara anaeleza kwamba ilikuwa michache kwa sababu kilichobaki cha kuondolewa kwa Indra kilikuwa kidogo. Mwisho wa muda huo Prajapati alimwambia kwamba mwili huu hufa, umeshikwa na mauti, lakini ni makao ya Nafsi isiyo na mwili, isiyokufa. Kwamba mwenye kujihesabu kuwa mwili hawezi kuepuka raha na machungu, na asiye na mwili havimgusi. Kwamba yule anayejua "ninanusa hiki" ndiye Nafsi, na pua ni ya kunusia tu. Anayejua "nafikiri hili" ndiye Nafsi, na akili ni jicho lake. Hilo ndilo lile la yule wa ndani ya jicho, lililosemwa siku ya kwanza kabisa mbele ya wote wawili. Upanishad inamalizia kwa kusema kwamba Nafsi hiyo ndiyo miungu wanayoitafakari, kwa hiyo habari iliwafikia hatimaye, miaka 69 baada ya Virochana kuwa amekwisha kuwafundisha asura.